Siri ya Sumaku Katika Waya

Mwaka 1905 mji wa Kisumu ulikuwa bado mchanga. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingoni mwa Ziwa Victoria mwezi wa Desemba 1901, na wageni wakapaita mahali hapo Port Florence, kwa jina la mke wa mhandisi mmoja wa reli. Wenyeji waliendelea kupaita Kisumu, na jina lao ndilo lililodumu. Gatini zilikuwapo meli za chuma, Winifred na Sybil, ambazo ziliundwa Paisley katika nchi ya Scotland, zikafunguliwa vipande vipande, zikaletwa kwa bahari na kwa reli, kisha zikaunganishwa tena ufukoni. Na kando ya reli, juu ya nguzo, ulitandazwa waya wa telegrafu, ambayo wazee wetu waliiita simu.

Waya ule ulitazamwa na watu kwa macho mbalimbali. Kwa watawala wa Kiingereza ulikuwa mdomo wa serikali, maana amri iliyotolewa mbali iliweza kusikika ziwani siku ile ile. Kwa Wanandi, ambao nchi yao ilipakana na njia ya reli, na ambao walikuwa wakipambana na wageni hao tangu mwaka 1895, ulikuwa madini mazuri ya kutengenezea mapambo, na tena dalili ya watu waliopita nchini mwao bila idhini. Kwa hiyo mara nyingi waliukata wakauchukua. Kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905, na upinzani wao ukavunjika.

Majuma machache kabla ya kifo hicho, tarehe 26 Septemba 1905, gazeti la wataalamu wa fizikia la Ujerumani, liitwalo Annalen der Physik, lilikuwa limetoa makala ya kijana wa miaka 26. Jina lake Albert Einstein, na kazi yake ilikuwa ukarani katika Ofisi ya Hataza mjini Bern, Uswisi. Makala yenyewe ilihusu umeme wa vitu vilivyo mwendoni. Haikutaja ziwa letu wala reli yetu. Lakini ilitoa ufunguo wa fumbo lililokuwa likipita kila siku katika waya wa Kisumu, na katika kila waya wa dunia, bila ya mtu kulitambua.

Fumbo hilo ni hili: Nguvu ya sumaku ni kitu gani? Jibu ambalo insha hii yataka kulieleza ni kwamba nguvu ya sumaku na nguvu ya umeme si nguvu mbili zilizo jirani. Ni nguvu moja, na sehemu tuionayo kuwa ya umeme au ya sumaku hutegemea mwendo wa yule aitazamaye.

Kwanza tuone jinsi telegrafu ilivyofanya kazi. Mpeleka habari alibonyeza kitufe, na umeme ukapita katika waya. Katika kituo cha pili umeme huo uliingia katika koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi juu ya kipande cha chuma. Papo hapo kile chuma kikageuka sumaku, kikavuta mkono mdogo wa chuma uliokuwa karibu, nao ukagonga. Kitufe kilipoachwa, umeme ulikoma, sumaku ikatoweka, na mkono ukarudi mahali pake. Mgongo mfupi na mgongo mrefu, kwa mpango uliokubaliwa, vilifanya herufi, na herufi zikafanya maneno. Hivyo habari yote iliyofika Kisumu kwa waya iliandikwa na sumaku iliyozaliwa na kufa mara nyingi katika dakika moja.

Watu walikuwa wameijua sumaku kwa karne nyingi. Manahodha wa Bahari ya Hindi waliitumia katika dira zao. Mwaka 1600 tabibu wa Kiingereza, William Gilbert, alionyesha kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa, na kwa sababu hiyo sindano ya dira huelekea kaskazini. Lakini hakuna aliyejua kwamba sumaku ina udugu na umeme, mpaka mwaka 1820. Mwaka huo Hans Christian Oersted, mwalimu wa chuo kikuu mjini Copenhagen, aliona kwamba sindano ya dira iliyowekwa karibu na waya hugeuka mara umeme unapopita katika waya huo. Habari zilipofika Paris mwezi wa Septemba, André-Marie Ampère alishika kazi mara moja. Katika muda wa majuma machache alionyesha kwamba nyaya mbili zilizolala sambamba huvutana ikiwa umeme wapita upande mmoja katika zote mbili, na husukumana ikiwa umeme wapita pande zilizo kinyume. Katika jaribio hilo hapakuwa na kipande cha sumaku hata kimoja. Palikuwa na umeme uliokuwa ukienda, basi.

Kisha akaja Michael Faraday wa Uingereza. Mwaka 1831 aligundua kwamba kama umeme uendao waweza kuzaa sumaku, sumaku iendayo nayo yaweza kuzaa umeme. Na katika mwaka 1865 James Clerk Maxwell, Mskoti, aliyakusanya mambo haya yote katika kanuni chache za hesabu. Kanuni hizo zilionyesha kwamba mawimbi ya umeme na sumaku huenda kwa kasi ileile ya nuru, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Hivyo ikajulikana kwamba nuru yenyewe ni mawimbi ya namna hiyo.

Mtu angeweza kudhani kwamba kazi ilikwisha hapo. Lakini katika jengo hilo zuri palikuwa na ufa, na ili tuuone ufa huo hatuna budi kupanda meli.

Tuseme meli yaondoka Kisumu asubuhi ya shwari, yashika njia ya Ghuba ya Winam kuelekea Rusinga. Abiria mmoja amekaa katika chumba kilichofungwa madirisha. Chupa imetundikwa darini, na maji yadondoka tone kwa tone. Kila tone laanguka wima katika kikombe kilicho chini yake, sawasawa na jinsi lingeanguka kama meli imefungwa gatini. Abiria akirusha mpira juu, mpira hurudi mkononi mwake. Madhali meli yaenda kwa kasi moja bila kutikisika, hakuna jaribio lolote la chumbani liwezalo kumwambia kama anakwenda au amesimama. Galileo wa Italia aliandika juu ya jambo hili katika mwaka 1632, naye alitumia mfano wa chumba cha meli vilevile. Kanuni za maumbile ni zilezile kwa aliyesimama na kwa aendaye kwa mwendo ulio sawa.

Sasa abiria wetu na aweke mezani mipira miwili midogo iliyotiwa umeme wa namna moja. Wataalamu huuita umeme huo uliotuama katika kitu chaji. Chaji ni za namna mbili, chanya na hasi. Zilizo sawa husukumana, na zilizo tofauti huvutana. Abiria aona mipira yasukumana kwa nguvu ya umeme tu, kwa kuwa imetulia mezani mbele yake. Lakini mtu aliyebaki gatini aona mipira ileile ikienda pamoja na meli. Na chaji iendayo ni mkondo wa umeme, na mikondo miwili iendayo sambamba huvutana, kama Ampère alivyoonyesha. Kwa hiyo yule wa gatini hana budi kusema kwamba pana nguvu ya sumaku pia. Mmoja asema sumaku ipo, wa pili asema haipo, na wote wawili wanatazama mipira ileile. Ni nani asemaye kweli?

Einstein alianza makala yake kwa fumbo la jinsi hiyo, ila yeye alichukua mfano wa Faraday. Ukiisogeza sumaku kwenye koili iliyotulia, umeme hupita katika koili. Ukiisogeza koili kwenye sumaku iliyotulia, kwa mwendo uleule, umeme uleule hupita. Matokeo ni sawa kabisa. Walakini vitabu vya siku zile vilitoa sababu mbili mbalimbali. Vilisema kwamba sumaku iendapo, huzaa uga wa umeme, nao huzisukuma chaji za koili. Bali koili iendapo, hakuna uga wa umeme wowote, ila chaji zinazochukuliwa na koili hupata nguvu ya sumaku kwa sababu zi mwendoni. Kijana yule hakuridhika. Kama tukio ni moja, na linategemea tu jinsi koili na sumaku zinavyokaribiana, kwa nini sababu ziwe mbili? Ikiwa maumbile hayajui ni kipi kiendacho na ni kipi kilichosimama, vitabu vimejuaje?

Alijenga jawabu lake juu ya misingi miwili. Wa kwanza ni ule wa Galileo, lakini akaupanua: kanuni zote za maumbile, za umeme na za nuru pia, ni zilezile kwa wote waendao kwa mwendo ulio sawa. Wa pili ni kwamba nuru katika mahali patupu huonekana na wote kuwa ina kasi moja, awe mtazamaji anaikimbilia au anaikimbia. Misingi hii miwili haiwezi kukaa pamoja isipokuwa tukubali kwamba vipimo vya muda na vya urefu si vilevile kwa watu wote. Saa iendayo hupiga polepole, na kitu kiendacho huonekana kimefupika kwa upande wa mwendo wake. Fimbo ya mita 1 ikipita mbele yako kwa nusu ya kasi ya nuru, utaipima kuwa na sentimita 87 hivi. Wataalamu George FitzGerald na Hendrik Lorentz walikuwa wamekwisha kutaja ufupisho huu kabla yake, lakini wao waliudhania kuwa tendo la kitu kisichoonekana kijazacho anga. Einstein alionyesha kwamba watoka katika maana yenyewe ya kupima. Mafundisho haya yaitwa nadharia ya uhusianifu maalumu.

Tuurudie sasa waya wetu, na tuuangalie kwa makini. Ndani ya waya wa shaba mna atomi zilizopangika imara, na kila moja yaweza kuhesabiwa kuwa na chaji chanya, kwa kuwa imeachia elektroni yake moja. Kati ya atomi hizo zimo elektroni zilizo huru, nazo zina chaji hasi. Katika kila sentimita ya waya chanya na hasi ni sawasawa, kwa hiyo waya kwa jumla hauna chaji. Umeme unapopita, elektroni husogea kwa pamoja upande mmoja, na atomi hukaa mahali pake. Hata hivyo kwa mtu aliyesimama kando ya waya hesabu hubaki sawa, na waya hauonyeshi chaji.

Nje ya waya, karibu nao, tuseme ipo elektroni moja iendayo sambamba na zile za ndani, kwa kasi ileile na upande uleule. Sisi tuliosimama twaona kwamba elektroni hii yavutwa kuelekea waya. Waya hauna chaji, basi nguvu hiyo haiwezi kuwa ya umeme. Twasema ni nguvu ya sumaku, na kanuni za Maxwell zatupa kipimo chake sawasawa.

Lakini tuipande elektroni hiyo ya nje kama apandavyo mtu mtumbwi, tukatazame kutoka huko. Kwake yeye elektroni za ndani ya waya zimetulia, maana zaenda pamoja naye, kama mitumbwi iliyo katika safu moja na mwendo mmoja. Ziendazo ni atomi, nazo zarudi nyuma, kama vile miti ya pwani ionekanavyo kurudi nyuma kwa aliyemo chomboni. Kitu kiendacho hufupika. Kwa hiyo nafasi baina ya atomi na atomi zimepungua, na katika kila sentimita zimo chaji chanya nyingi kidogo kuliko tulivyohesabu sisi. Elektroni za ndani, kwa upande wao, sasa zimetulia. Ule ufupisho tuliouona sisi zilipokuwa zikienda umeondoka, na nafasi baina yao zimepanuka. Katika kila sentimita chaji hasi zimepungua kidogo. Chanya zimezidi, hasi zimepungua: waya una chaji chanya! Na chaji chanya huivuta elektroni.

Basi elektroni ya nje haihitaji kusikia habari ya sumaku hata kidogo. Kwa hesabu yake imetulia, na kitu kilichotulia hakiguswi na nguvu ya sumaku. Yavutwa na nguvu ya umeme, basi. Sisi twasema sumaku, yenyewe yasema umeme. Lakini sote twakubali jambo lililo la maana, yaani kwamba yasogea kuelekea waya. Na tukigeuza hesabu yake iwe ya vipimo vyetu kwa kanuni za uhusianifu, nguvu zetu hulingana barabara. Jambo moja tu lahitajiwa ili hoja hii isimame: kwamba chaji ya elektroni haibadiliki kwa sababu ya mwendo. Hilo twalijua kwa hakika, maana ukikitia kitu moto, elektroni zake na viini vya atomi zake hubadili mwendo kwa viasi mbalimbali, na kitu hicho hakipati chaji yoyote kwa sababu hiyo.

Hapa mwanafunzi mwerevu atainua mkono. Atasema: “Tumefundishwa kwamba uhusianifu huonekana kwa vitu viendavyo karibu na kasi ya nuru. Je, elektroni za ndani ya waya zaenda kasi gani?” Swali hili ni zuri, na jibu lake ni la ajabu. Katika waya wa shaba wenye unene wa milimita 1 ya mraba, unaochukua umeme wa ampea 1, elektroni husogea wastani wa milimita 0.07 kwa sekunde. Konokono huzipita. Elektroni moja huchukua karibu saa 3 na dakika 47 kusogea mita 1, na karibu miezi mitano kusogea kilomita moja. Habari ya telegrafu ilifika upesi kwa sababu waya mzima ulikwisha kujaa elektroni, na msukumo ulipita upesi kutoka moja hadi nyingine, kama vile maji yatokavyo papo hapo mwishoni mwa bomba lililojaa mara ufunguapo mfereji.

Ukiigawanya kasi hiyo ya konokono kwa kasi ya nuru, wapata sehemu 1 katika 4,000,000,000,000. Na ufupisho wa urefu hutegemea mraba wa sehemu hiyo, yaani sehemu hiyo ikizidishwa kwa yenyewe: sehemu 1 katika hesabu inayoandikwa 16 na kufuatiwa na sifuri 24. Ni nani awezaye kukiona kitu kidogo namna hiyo? Hakuna darubini ifaayo, wala rula.

Ajabu ni kwamba twakiona kila siku, na sababu yake ni wingi wa chaji. Katika mita 1 ya waya ule, elektroni huru zina chaji ya kulombi 13,600 hivi. Tuseme twaweza kuzitoa peke yake, bila ya atomi za kuzisawazisha, katika nyaya mbili za namna hiyo zilizolazwa sambamba umbali wa mita 1. Kila mita ya waya ingesukumwa kwa nguvu ya nyutoni 3,300,000,000,000,000,000 hivi. Ili ukadirie nguvu hiyo, fikiri juu ya maji yote ya Ziwa Victoria, kutoka Kisumu hata Mwanza, na kutoka Jinja hata Bukoba. Nguvu hiyo yazidi uzito wa maji yote hayo mara mia moja.

Nguvu hii kubwa hatuioni, kwa kuwa chaji chanya za atomi huisawazisha kabisa. Ni kama mizani iliyopakiwa milima miwili, mmoja huku na mmoja huku, ikatulia. Ukiitia mizani ya namna hiyo punje moja ya mtama, itainama. Ule ufupisho mdogo usioweza kupimwa ndio punje yetu. Chukua nyutoni zile 3,300,000,000,000,000,000, uzigawanye kwa hesabu ile ya 16 na sifuri 24, nawe utapata karibu nyutoni 2 zilizogawanywa kwa 10,000,000. Hiyo hasa ndiyo nguvu ambayo nyaya mbili za ampea 1 huvutana kwa kila mita, zikiwa umbali wa mita 1; na kwa kipimo hicho ampea yenyewe ilielezwa kutoka mwaka 1948 mpaka mwaka 2019. Hesabu zimekutana, mlango umefunguka.

Kwa hiyo si kweli kwamba uhusianifu ulingoja vyombo vya kwenda angani ili uonekane. Ulikuwa ukifanya kazi Kisumu mwaka 1901, katika koili ya telegrafu, kabla Einstein hajaandika neno. Kila mgongo wa mkono ule wa chuma ulikuwa ushahidi wake, na watu waliusikia kwa masikio bila kujua ni ushahidi wa nini.

Wanafunzi wa baadaye waliifuata njia hii mbele zaidi. Mwaka 1912 Leigh Page, wa Chuo Kikuu cha Yale katika Marekani, alionyesha kwamba mtu akianza na kanuni ya chaji zilizotulia, akaongeza uhusianifu, aweza kuzipata kanuni za sumaku kwa hesabu. Na mwaka 1965 Edward Purcell alitoa kitabu cha vyuo vikuu kilichofundisha sumaku kwa njia hiyo tangu mwanzo, na tangu hapo wanafunzi wengi wa dunia wameijua.

Lakini yafaa kuonya, maana elimu iliyopokewa nusu huzaa majivuno. Asiseme mtu kwamba sumaku ni ndoto, na kwamba ukichagua vizuri mahali pa kutazamia utaiondoa yote. Katika mfano wetu, hata kwa yule aendaye na elektroni, uga wa sumaku bado upo kando ya waya, kwa kuwa atomi zenye chaji zapita mbele yake. Ila yeye mwenyewe hauhisi, kwa sababu ametulia. Tena ile sumaku ya dira au ya kipande cha chuma haitokani na mkondo upitao katika waya. Kwa sehemu kubwa yatokana na tabia ya kila elektroni ya kuwa kama sumaku ndogo, na jambo hilo lina mafundisho yake mengine. Uhusianifu haukuifuta sumaku. Uliionyesha ndugu yake, ukaonyesha kwamba wamezaliwa pamoja.

Tuone mwisho jinsi fumbo la Einstein linavyokaa karibu nasi. Mto Sondu hushuka kutoka nyanda za juu hata Ghuba ya Winam, na maji yake hupitishwa katika handaki kuzungusha mitambo ya Sondu Miriu, yenye nguvu ya megawati 60. Ng'ambo ya pili ya ziwa, mahali Mto Nile unapotoka, lipo bwawa la Jinja lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls. Katika mitambo ya namna hiyo sumaku kubwa huzungushwa na maji, na koili husimama pembeni yake. Kutoka katika koili hizo hutoka umeme wa taa, wa mashine na wa hospitali. Hata dinamo ndogo ya baiskeli, ile isuguayo gurudumu usiku ili taa iwake, ina sumaku izungukayo karibu na koili iliyotulia.

Sasa tumwulize yule aliyesimama katika jumba la mitambo: umeme huu watoka wapi? Atasema: “Sumaku yazunguka, ikazaa uga wa umeme, nao wasukuma elektroni za koili.” Na kwa kila nukta ndogo ya muda, mtu aendaye pamoja na sumaku angesema: “Koili yapita mbele yangu, na elektroni zake zapata nguvu ya sumaku.” Vitabu vya kale viliyafanya maneno haya kuwa sababu mbili. Leo twajua ni sababu moja iliyosemwa na watu wawili. Mwaka 1952 Einstein mwenyewe, akiwa mzee, aliandika kwamba lililomwongoza kwenye nadharia yake ni kusadiki kwake kwamba nguvu ipatwayo na kitu kiendacho katika uga wa sumaku si kitu kingine ila uga wa umeme.

Wako watu wanaofikiri kwamba nadharia hii yafundisha kuwa kila mtu ana kweli yake, na kwamba hakuna kweli ya wote. Waya watukanusha. Abiria wa meli na mtu wa gatini hutaja nguvu kwa majina mbalimbali, na hupima urefu na muda kwa hesabu mbalimbali; lakini kanuni ni moja kwa wote wawili, na tukio ni moja. Mmoja akiona elektroni yakaribia waya, wa pili hataona yaukimbia. Kazi ya elimu ni kujua njia ya kugeuza hesabu za mmoja ziwe hesabu za mwingine, mpaka ionekane kwamba walikuwa wakisema jambo moja.

Na kazi hiyo haina mji wake maalumu. Karani mmoja wa Bern aliifanya kwa kuuliza swali ambalo wakubwa walilipita bila kulitazama: kama matokeo ni sawa, kwa nini sababu ziwe mbili? Hakuhitaji maabara kubwa. Kipande cha waya, betri na dira, vitu vipatikanavyo katika shule nyingi za pwani ya ziwa, vyatosha kulirudia jaribio la Oersted mezani. Sindano itakapogeuka, mwanafunzi na akumbuke kwamba amekiona kwa macho yake kitu kilicho kidogo kuliko vyote alivyowahi kupima, kikisogeza chuma.